Mgongo wa Mpinzani

Mchana ule nje ya ukumbi wa Seneti pale Des Moines, mji mkuu wa Iowa, palikuwa hapatoshi. Sisi washawishi, watu wa kulipwa kuwasemea wateja kwa maseneta, tulikuwa tumebanana kwenye reli ya shaba, kila mmoja na kikaratasi chake cha kumwita seneta atoke nje, na meza za kuandikia zilishashikwa zote.

"Samahani, kaka," ilisema sauti ya mwanamke. "Hebu geuka. Naomba mgongo."

Emmett Novotny aligeuka kabla hata ya kuuliza kwa nini. Ndivyo alivyokuwa, mpole kupita kazi yake. Nyuma yake alisimama Britta Haugen, koti la sufu la kijani, buti zimelowa theluji, nywele za njano zimefungwa ovyo kwa kalamu. Aliichomoa kalamu, nywele zikamwagika mabegani, akabandika kikaratasi juu ya suti ya kijivu ya Emmett na kuanza kuandika.

"Unanitekenya."

"Tulia wewe. Ukicheka unaniharibia mwandiko."

"Unamwita nani?"

"Seneta Dykstra, mwenyekiti wa kamati. Muswada wa maduka ya dawa."

Emmett alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Bibie, unajua umeandikia mgongo wa nani? Mimi ndiye ninayeupinga."

"Basi leo umeubeba," alijibu Britta, akampa kikaratasi mzee Verlyn, mlinda mlango, aliyekipokea kwa uso mkavu kama kawaida yake. Sisi tuliokuwa karibu tulicheka. Emmett hakucheka tena. Alikuwa ameshapotea, maskini.

Britta alisimama kwa niaba ya chama cha wenye maduka madogo ya dawa. Muswada wao ulikuwa na kifungu kimoja cha maana: dalali anayekaa kati ya bima na duka asilipie dawa chini ya bei ambayo duka limeinunulia. Emmett alilipwa na chama cha madalali hao. Jambo ambalo Britta hakulitangaza ni kwamba baba yake, mzee Arlo, alikuwa na duka la dawa katika mji mdogo wa kaskazini, na bila kifungu kile lisingefika kiangazi.

Walianza kula pamoja. Bakuli la maharage na nyama, na andazi la mdalasini pembeni, chakula cha shule ambacho mtu wa Iowa haachi hata akizeeka.

"Sharti moja," alisema Britta siku ya kwanza. "Muswada hauji mezani."

"Na nikiuota?"

"Uote kimyakimya, mpenzi."

Neno hilo lilimponyoka. Masikio yalimwiva, akajifanya anatafuta chumvi.

Wiki zikaenda. Britta alileta wafamasia wa vijijini wamevaa makoti meupe, akawatembeza mlango kwa mlango, kila mmoja kwa seneta wa kwao. Alijua mama wa seneta gani ananunua dawa zake duka gani. Kufikia wiki ya faneli, ambapo muswada usiovuka kamati hadi Ijumaa umekufa, alikuwa na kura nane, na nane ndizo zilizohitajika. Hakuwa na hata moja ya akiba.

Jumanne walikuwa mezani simu ya Britta ilipoita. Alikuwa baba yake. Emmett hakusikia yote, alisikia tu, "Usiuze rafu bado, baba. Subiri Ijumaa." Halafu akamwona Britta akikunja kitambaa cha mkono mara nne, mara tano. Sharti lilikuwa sharti. Emmett hakuuliza, ila habari ya rafu aliielewa.

Asubuhi ya Jumatano, peke yake ofisini, alifungua daftari la serikali mtandaoni, lile ambalo kila mshawishi huandika msimamo wa mteja wake ili wote wausome. Palipokuwa na "Anapinga", akaweka "Hajaamua". Hakumwambia mteja. Hakumwambia Britta. Alidhani amempa zawadi.

Ole wake! Kwenye reli yetu kila mtoto mchanga wa kazi anafundishwa jambo moja: mpinzani akinyamaza ghafla, jua keshakuzika, hana haja tena ya kupiga kelele. Alhamisi Britta alisoma daftari, akanijia mbio.

"Keshapata kura," aliniambia. "Emmett kaniibia mtu, na jana kala na mimi!"

"Muulize," nilisema.

"Nimuulize mpinzani?"

Alimkimbilia Dykstra, akakubali kifungu kile kiondolewe ili angalau kilichobaki kipite. Kumbe hakuna aliyeibwa. Maseneta wake watatu waliposikia kifungu hakipo, walimgeuka. "Sasa nipigie kura nini, dada," alisema mmoja, "ganda?" Ijumaa saa sita mchana Dykstra aliahirisha kikao bila hata kuutaja muswada. Ulikufa hivyo, kimya, watu wakaenda kula.

Emmett alipiga simu mara saba. Ya nane ikapokewa.

"Una nini tena cha kuchukua?" aliuliza Britta.

"Sikuchukua kura hata moja. Nilibadilisha kwa ajili yako."

Upande wa pili kiti kiliburutwa.

"Britta? Niliacha kukupinga, basi."

"Ungeniambia! Neno moja, Emmett!"

"Ulikataza."

Wote wawili walilia, kila mtu na simu yake, na hakuna aliyeweza kurudisha chochote. Muswada hauna ufufuo hadi mwakani, na mzee Arlo hakuwa na mwakani.

Jumatatu Emmett alikuja kwenye reli bila beji. Madalali walikuwa wamemfukuza. Britta alikuwa pale na koti lake la kijani, macho yamevimba. Emmett alisimama mbele yake, akageuka, akampa mgongo.

"Andika."

"Niandike nini? Sina muswada. Sina kitu."

"Mwandikie yeyote."

Nilidhani Britta atamsukuma. Alichomoa kalamu kwenye nywele, akaandika polepole, na Emmett akafumba macho akijaribu kuyasoma maneno kwa ngozi. Kisha Britta akampa mzee Verlyn, maana kikaratasi lazima kipite kwa mlinda mlango. Mzee akasoma jina, akaangaza kushoto na kulia kana kwamba anamtafuta mtu ukumbi mzima.

"Bwana Novotny! Unaitwa nje."

"Niko nje, mzee."

"Basi chukua."

Emmett alikifungua. Kilisema: "Jumamosi tunatoa rafu za baba dukani. Ni nzito. Njoo na mgongo wako."