Uzi Mwekundu Kwenye Kola

Haya ninayokuletea utasema nimetunga, na mimi mwenyewe nilipoambiwa nilibisha mpaka nikaoneshwa video. Shika simu yako vizuri, maana yote yalitokea hewani, watu wakiangalia.

"Inua simu, unanikata kichwa," Bosi alisema bila kufungua meno, huku tabasamu la wateja limemkaa usoni.

Sindano akainua simu. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake nyumbani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ughaibuni alikwenda kwa ahadi ya kazi ya kushona. Kushona kweli alishona, ila alipika pia, akadeki, akalea watoto wa Bosi, na usiku akalala chumba cha kufulia, mlango umefungwa kwa nje. Simu yake na paspoti yake Bosi alivichukua siku aliyofika. "Nakutunzia," alimwambia, akavifungia kwenye droo ya meza ya vipodozi.

Jioni hiyo Bosi alikuwa anauza magauni mtandaoni, mubashara. Sindano mshika kamera: haonekani, hasikiki.

"Haya ni ya mkono wangu mwenyewe, wapenzi," Bosi aliwaambia wateja kwa lugha ya kwao. "Hebu oneni hata kwa ndani, hakuna uzi unaoning'inia."

Akaligeuza gauni ndani nje, akasogeza kola mpaka ikajaa kwenye kioo cha simu.

Hapo ndipo alipojichongea. Kwenye banda la kushonea alilotoka Sindano, kila fundi huacha mshono wake mdogo wa rangi ndani ya kola, ili mteja akirudi na malalamiko ijulikane aitwe nani. Wa Sindano ni uzi mwekundu, umezungushwa kama tundu la sindano. Mkono ulishazoea, ukawa unauweka hata huko. Bosi alidhani ni urembo.

Maoni yalikuwa yanapanda kwa lugha ya wenyeji. Mara likaja moja la Kiswahili:

"Huo mshono naujua. Sindano, ni wewe?"

Ni Fundi, mchumba wake, mwenye banda, ambaye kutwa anaperuzi kurasa za wauza nguo wa nje akiiba mitindo.

Likafuata lingine: "Shangazi alinionesha ujumbe wako. Umeandika umeolewa huko, nisikutafute."

Ujumbe gani, na simu iko kwenye droo? Shangazi yake Fundi ndiye wakala aliyempeleka, anayekula kamisheni kwa kila msichana. Ujumbe kautunga yeye, maana Fundi angeanza kuuliza maswali, biashara yake ingekufa. Sindano akaelewa yote kwa mpigo, na woga wote ukamtoka.

"Mbona unaishusha tena? Shika vizuri," Bosi alinong'ona.

Sindano akageuza simu. Kamera ikamtazama yeye.

"Ni mimi, Fundi. Sijaolewa. Nimefungiwa."

Kisha akaingia kwenye lugha ya Bosi, aliyojifunza kwa kutukanwa. "Dada zangu mnaonunua, magauni haya nashona mimi. Njooni muone ninapolala."

Akaanza kutembea. Akawaonesha godoro lililokunjwa nyuma ya mashine ya kufulia. Akawaonesha komeo lililopigwa upande wa nje. Akapandisha mkono wa blauzi, kovu likaonekana.

"Hii ni pasi ya moto. Nilichelewa kuamka."

Bosi akamfikia. "Nipe simu yangu."

"Nipe paspoti yangu."

"Nitakuitia polisi."

"Waite. Na wao waje waone komeo."

Bosi akanyoosha mkono, lakini maoni yalikuwa yanamiminika, na Sindano akamgeuzia kioo asome mwenyewe. "Usimguse, tunakuona." "Mimi ni jirani yako wa geti jeupe, nakuja na mume wangu."

Mkono ukabaki hapo hapo.

"Umekula kwangu," Bosi alisema, sauti imeshuka. "Umevaa kwangu."

"Nimekula makombo, na nimevaa nilichoshona. Fungua droo, Bosi. Wateja wanasubiri."

Kengele ya geti ikalia. Droo ikafunguliwa.

Jirani ndiye aliyempeleka ubalozini, na ubalozi ukamrudisha. Uwanja wa ndege Fundi alikuwa amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe uliamini."

Fundi akainamisha kichwa. "Niliamini, sitakudanganya. Ila Shangazi alipotaka tuuze cherehani yako, nilishindwa. Nikawa naifuta vumbi huku nakutukana."

"Ulinitukanaje?"

"Siwezi kusema mbele za watu."

Sindano akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. "Utayarudia nyumbani, tusi moja baada ya jingine. Na utakuwa unayasema huku unanishonea gauni la harusi."

Ningeishia hapo, lakini juzi Shangazi alitokea bandani, leso mkononi.

"Wanangu, shetani alinipitia. Nisameheni. Niacheni nije harusini, nisimame na mwanangu."

"Asikanyage," Fundi alisema bila kuinua macho.

Sindano akasimamisha cherehani. "Muache aje."

"Asante, mkwe wangu."

"Ila mlangoni utanipa simu yako na kitambulisho chako. Nitakutunzia kwenye droo. Nitakurudishia nitakapojisikia."

Shangazi akaukumbatia mkoba wake kifuani kama mtoto, akatoka bila kuaga.

Harusi ni Jumamosi hii. Simu ya Fundi haipoi, ukoo mzima unampigia, wanasema bibi harusi amemdhalilisha mtu mzima. Fundi amewajibu neno moja tu, "Mlangoni." Na Sindano anamalizia kola ya gauni lake, uzi mwekundu kwa ndani, hajalegeza hata nukta.

Wewe ungekuwa yeye, ungemfungulia Shangazi mlango, au ungemfungulia droo?