Nyumba Hii Haiuzwi

Soko la jumla siku ya Jumamosi halina mahali pa kusimama, sembuse pa kuegemea. Mama Kodi alipata pa kuegemea. Aliweka mgongo kwenye ukuta wa duka la magodoro, akakunja mikono, akaendelea kumbana mwenye duka.

"Nakuuliza tena, mzee wangu. Mvua ikinyesha, magodoro yako yanalala wapi?"

"Chini ya turubai."

"Turubai lenye matundu."

"Matundu mawili tu, mama."

"Maji yanahitaji moja. Mimi nina vyumba sita vikavu, mlango wa chuma, nyuma ya barabara hii hapa. Unaleta mzigo, unafunga kufuli lako, unalala usingizi."

"Nitafikiria."

"Fikiria haraka. Mawingu hayafikirii."

Akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye mambo mengi. Alikuwa amevaa gauni la njano lenye marinda, kola nyeupe, na viatu vya kisigino kifupi. Gauni hilo alilivaa kila alipokwenda kuomba jambo, kwa sababu hakupenda kuomba akiwa na sura ya kuombaomba. Alipopita kwa wauza ndoo, mtu akacheka. Kwa wauza sufuria, wakacheka watatu.

"Dada! Dada wa gauni la njano! Umeondoka na herufi zangu!"

Akageuka. Mwanamume mrefu, mwembamba, alikuwa anamkimbilia, ovaroli lake lina rangi zote ambazo macho yanajua, brashi imechomekwa nyuma ya sikio.

"Herufi gani?"

"GODO. Zimegeuka, lakini zinasomeka. Ukutani kumebaki MA na RO."

Mama Kodi akavuta gauni mgongoni, akaona buluu. "Kwa nini hukuweka alama kwamba rangi ni mbichi?"

"Niliweka. Umeiegemea hiyo hiyo."

Akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Yule mchoraji akamwambia rangi ya mafuta ikikauka ndiyo basi, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akalishika gauni kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu anayeshika yai la mwenzake. Akafuta herufi moja moja. Sokoni wanamwita Brashi. Hana haraka, na anaongea huku anafanya kazi.

"Ulikuwa unamuuzia nini mzee wa magodoro?"

"Nafasi. Bango dogo la getini unachora kwa bei gani?"

"Kwa mtu niliyemharibia gauni, bure."

"Sipendi vya bure. Taja bei, halafu nikate gauni langu humo."

"Wewe una mume?"

"Swali hilo limo kwenye bei?"

"Hapana. Hilo ndilo la bure."

Jina la Mama Kodi alipewa na wanafunzi. Vyumba sita vya uani, alivyovijenga marehemu baba yake, vilikaliwa miaka yote na wanafunzi wa chuo cha uuguzi kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Kila tarehe mosi asubuhi alipita akigonga nondo za madirisha kwa ufunguo, ko ko ko, "Kodi!" Hakuwa na mtoto, lakini umama ulimkaa. Kodi hiyo ndiyo iliyonunua dawa za presha za mama yake, ikalipa umeme na maji, ikaweka chakula mezani.

Halafu chuo kikahamia nje ya mji, kwenye majengo mapya yenye mabweni. Wanafunzi wakaondoka wote ndani ya wiki moja, wamebeba ndoo na mashuka, wanalia na kumkumbatia. Alikumbatia, akafagia vyumba, akakaa kitako kwenye ngazi. Nani tena angetaka chumba kimoja chenye choo cha pamoja? Walikuja watu wawili kuangalia, wakauliza bafu la ndani liko wapi.

Kaka yake, anayeishi mji mwingine na mke wake, akapiga simu siku hiyo hiyo.

"Mdogo wangu, uza. Nyumba isiyoingiza hela ni mzigo."

"Mzigo unaubeba wewe?"

"Mama ataishi kwangu. Na wewe tutakutafutia kitu."

"Kitu gani? Kochi?"

"Nakupa muda mpaka shule zifunguliwe. Baada ya hapo naleta mnunuzi."

Hati ya nyumba ilikuwa kwa jina la mama, na mama alikuwa ameanza kuyumba. Kila jioni alisema, "Labda kaka yako ana hoja." Mama Kodi hakubishana naye. Aliuza friji kubwa akabaki na dogo, akakata king'amuzi, akahamia chumba cha mama ili wawashe taa moja. Kisha akajiuliza: kama watu hawataki kulala humu, ni nini kinachoweza kulala humu? Ndipo alipovaa gauni la njano akaenda sokoni.

Brashi alikuja Jumatatu na bango: VYUMBA VYA STOO, herufi nyeupe juu ya kijani, Y na S zimenyanyua mikia. Chini kwenye pembe akaandika namba yake ya simu kwa herufi ndogo, kama alivyofanya kwenye kila kazi yake. Alipogongomea msumari wa mwisho, mama akamletea chai uani.

"Baba, umeoa?" mama akauliza, bila hata kumkaribisha sukari.

"Mama!" binti akang'aka.

"Nauliza tu. Mtu mwenye mkono mzuri hivi."

"Bado, mama," Brashi akasema. "Natafuta mwenye nyumba."

Mvua ilinyesha Jumatano. Alhamisi asubuhi mzee wa magodoro alisimama getini, amelowa hadi kofia, mkokoteni nyuma yake. Akanyoosha mkono. Mama Kodi akamwekea ufunguo kiganjani. Wiki iliyofuata akaja mkodishaji wa viti vya sherehe, kisha muuza vyombo vya udongo, aliyechukua vyumba viwili.

Na simu zikaanza.

"Malkia wa stoo, umekula?"

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Juu ya ngazi. Naandika la kinyozi. Kila nikifika kwenye K nakukumbuka."

"Mimi jina langu halina K."

"Kodi je?"

Mama Kodi alicheka pale uani mpaka mama akagonga dirisha kutoka ndani. Akamweleza mambo yote: kaka, mnunuzi, namna mama alivyoyumba, namna alivyoogopa lakini hangemwambia mtu mwingine kwamba anaogopa. Brashi alisikiliza. Hakutoa ushauri hata mmoja, na hilo lilimpendeza kuliko mashairi.

Kwa majivuno ya ushindi, Mama Kodi alipiga picha ya geti na bango lake jipya, akamtumia kaka: "Ona. Vyumba vinne vimejaa." Kaka hakujibu.

Ijumaa moja alirudi kutoka kununua dawa, akalikuta bango la pili getini, limening'inia juu ya lile la kwanza. NYUMBA INAUZWA. Chini yake, namba ya simu ya kaka yake. Y ilikuwa imenyanyua mkia.

Alipiga simu pale pale barabarani, mfuko wa dawa mkononi.

"Brashi, jana uliandika bango la nyumba?"

"Ndiyo, mpenzi. Jamaa alipiga simu, akatuma hela, pikipiki ikaja kulichukua. Kwani?"

"Limetundikwa getini kwangu."

Nyuma ya Brashi zilisikika kelele za soko.

"Sikujua."

"Namba ya kaka yangu umeiandika kubwa kama kichwa changu, halafu hukujua?"

"Namba ya kaka yako nitaijulia wapi? Mimi naandika ninachoambiwa. Asubuhi la kinyozi, jioni la majeneza. Nikianza kumuuliza kila mteja mambo ya kwao, nitakula nini?"

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilikuwa baya.

"Nimekueleza habari za kaka yangu mpaka simu imenichoma sikio. Ukaandika 'inauzwa' bila kuuliza ni nini kinauzwa! Kamisheni yako ni kiasi gani?"

"Kamisheni?" Sauti ya Brashi ikabadilika. "Mimi nimechora mabango miaka yote, sijawahi kuuza hata kigae cha mtu."

"Basi endelea kuchora. Usinipigie."

Hakupiga. Huyo naye ana kiburi chake.

Mama Kodi alilia kidogo, bafuni, maji yakimwagika ili mama asisikie. Kisha akanawa uso, akachukua bisibisi, akalishusha bango. Alitaka kulivunja kuni. Lakini ubao ulikuwa mzuri na upande wa nyuma ulikuwa mtupu. Akatafuta mkebe wa rangi uliobaki wakati wa kupaka milango, akapiga magoti uani, akaandika. Hakuwahi kushika brashi. Herufi za mwanzo zilikuwa kubwa, za mwisho zikabanana kama abiria. Akalitundika akiwa na rangi hadi kwenye kiwiko: NYUMBA HII HAIUZWI.

Kaka alifika Jumapili baada ya chakula cha mchana, pamoja na mnunuzi mwenye miwani ya jua aliyepiga ukuta teke dogo, kama mtu anayekagua tairi.

"Hili bango nimelilipia mimi!" kaka akafoka.

"Upande wa mbele ni wako. Wa nyuma ni wangu."

"Mdogo wangu, wanafunzi hawarudi."

"Nani kasema wanarudi? Njoo."

Akawafungulia vyumba kimoja kimoja, kwa funguo za akiba ambazo wafanyabiashara walimwachia. Magodoro hadi darini. Viti vyeupe vimepangwa kama minara. Vyungu vimelala kwenye majani makavu. Mama alikuwa amekaa uani, mikono mapajani, anamtazama binti yake akitembea mbele na funguo kama alivyotembea marehemu mumewe.

Mnunuzi akavua miwani. "Ndugu, si uliniambia nyumba ni tupu?"

"Itakuwa tupu mama akisaini," kaka akasema. "Mama, waambie. Utakaa kwangu. Sebuleni kuna kochi zuri, linafunguka linakuwa kitanda."

Mama akamgeukia.

"Mimi, kila asubuhi nifungwe, kila jioni nifunguliwe?"

"Sikumaanisha..."

"Baba yako aliniweka hapa. Dada yako ameniweka hapa. Mpe mgeni soda aende zake."

Mnunuzi hakungoja soda. Kaka alikaa, akala, akanuna, akala tena. Ni kaka, utamfanyaje? Alipokuwa anaondoka, Mama Kodi akamuuliza kitu kilichokuwa kinamkereketa.

"Namba ya mchoraji ulipewa na nani?"

"Si kwenye picha uliyonitumia? Ipo pale kwenye pembe. Nikapiga, nikamwambia maneno mawili na namba ya simu, basi. Hata jina sikumtajia."

Mama Kodi akaenda jikoni. Akafungua picha, akaikuza kwa vidole viwili. Namba ilikuwa pale, ndogo, safi, inasomeka vizuri kabisa. Aliyemfundisha adui njia alikuwa yeye, tena kwa kujisifu.

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Jumatatu akavaa gauni la njano. Mgongoni lilikuwa bado na kivuli cha buluu kisichotoka. Akaingia soko la jumla kichwa juu, akamkuta Brashi kwenye ngazi mbele ya duka la nafaka.

"Shuka."

"Nina kazi."

"Basi nitasema ukiwa huko huko, soko lisikie. Namba yako nilimpa kaka yangu mimi mwenyewe, kwenye picha, nikiringa. Nilikushutumu bure. Neno la kamisheni lilikuwa la kijinga. Nisamehe."

Wauza ndoo wakasogea karibu. Mzee wa magodoro akatoa kichwa dukani. "Tumesikia," akasema. "Hata turubai limesikia."

Brashi hakugeuka. "Neno la kamisheni linatoka kwa mafuta ya taa?"

"Halitoki. Litabaki kama hili la mgongoni kwangu. Mtu analivaa hivyo hivyo."

Ndipo akageuka, akaona gauni. Akashuka vidato viwili.

"Na mimi ningeuliza," akasema. "Tangu siku ile kila mteja namuuliza bango linakwenda wapi. Wananiona kichaa."

"Nikuone mimi mwenye akili?"

"Nasikia vimebaki vyumba viwili."

"Vimebaki."

"Nahitaji karakana. Jua limeniunguza vya kutosha."

"Mpangaji wangu hawezi kuwa mpenzi wangu. Kodi ikichelewa nitakosa kote kuwili."

"Sawa. Nisiwe mpenzi wako."

Moyo wa Mama Kodi ukashuka hadi kwenye visigino. Brashi akashuka naye, mpaka chini, akachomoa brashi sikioni.

"Niwe mume wako."

Mtu akapiga sufuria kwa mwiko. Mama Kodi akajikaza, kwa sababu mambo ya vyumba hayaamuliwi kwa machozi.

"Mume halipi kodi."

"Mimi nitalipa."

"Kila tarehe mosi?"

"Kila tarehe mosi."

"Hata ukiwa umenuna?"

"Hasa nikiwa nimenuna."

"Na bango langu la getini, umeliona?"

"Nimepita usiku wa juzi kuliangalia. Sijawahi kuona herufi mbaya hivyo maishani mwangu."

"Usiliguse."

"Siligusi, malkia. Nilipita mara mbili."

Walifunga ndoa uani, kwenye viti vya mkodishaji, ambaye alivitoa tu stoo, hapo hapo mlangoni. Kaka alikuja, akatoa hotuba ndefu kuliko ya kila mtu.

Tarehe mosi iliyofuata, saa moja asubuhi, Brashi alikuwa karakanani kwake akikoroga rangi nyeupe, anapiga mluzi. Ufunguo ukagonga nondo za dirisha, ko ko ko.

"Kodi!"

"Mke wangu! Si tumeamka kitanda kimoja sasa hivi?"

"Kitanda ni cha bure," akasema Mama Kodi, akipitisha mkono kati ya nondo, kiganja juu. "Chumba kinalipiwa."