Laini ya Pauline Imenifunga

Nina miaka thelathini na sita. Nina stashahada ya uhasibu, na pasipoti yangu imejaa mihuri ya Doha. Nilirudi nyumbani bila kumwomba mtu nauli! Watu wa Migori waliniita Ja-Doha, mtu wa Doha, nami sikuwakataza. Leo nawaandikia, wasomaji wenzangu, nikiwa mfungwa ndani ya duka langu mwenyewe...

Niliporudi nilitaka kuwa wakala wa pesa za simu. Kampuni ikaniambia nitume maombi, nisubiri zamu yangu. Mimi, msomi, nisubiri? Pauline, tuliyesoma naye chuoni, alikuwa na laini ya uwakala iliyolala tangu afunge kibanda chake Kendu Bay. Akanipa niitumie, nami nikawa namtumia shukrani kila mwezi.

Duka likanawiri! Wachuuzi wa ng'ombe walitoka hadi Ogwedhi kuja kutoa pesa kwangu, kwa sababu sikuwahi kuishiwa. Ila kila mteja alipokea ujumbe wenye jina la Pauline. Wakadhani ni mke wangu. Wakaniita shemeji, wakaniuliza kwa nini namficha mwenye nyumba. Nilicheka tu. Mteja anayetania hurudi... nimsahihishe ya nini?

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Boke, mwalimu wa Ntimaru. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwa baba yake. Nilimpenda... bado nampenda!

Kisha kampuni ikabadilisha utaratibu. Kila mwenye laini afike mwenyewe na kitambulisho, apigwe picha ya uso, la sivyo laini ifungwe. Jasho langu lote la Doha lilikuwa ndani ya laini ile!

Nikakimbilia Kendu Bay. Pauline alinisikiliza huku akipaa samaki. Akanisimulia habari za wanaume wawili waliotaka kumposa, wakaulizia Migori, wasirudi tena.

"Umenitangaza mke wako miaka yote hii," akasema. "Nani atanitaka sasa? Nipeleke kwa mama yako kwanza. Ndipo nitakwenda kupigwa hiyo picha."

Nilijidanganya kwamba ni ziara ya siku moja, nitaifuta baadaye. Mama alimkabidhi jiko. Majirani wakaja kusali na kula ugali alioupika. Baba mdogo akasimama, akamtangaza mke wa boma. Kwetu, mwanamke akipokewa hivyo haondoki tena kama mgeni. Nilifungua mdomo nikane... nikaikumbuka laini. Nikaufunga.

Pauline alitimiza neno lake. Lakini habari zilifika Ntimaru kabla yangu. Baba yake Boke akarudisha ng'ombe. Boke mwenyewe aliniandikia mara moja tu: "Ungeniambia umefilisika, ningekuja hivyo hivyo."

Nimeusoma ujumbe huo mara ngapi?

Sasa Pauline huketi dukani kando yangu. Si mkali, wala si mwongo. Jana alinipikia samaki, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikasema imetosha, na sikuwa nimeonja. Nikimwacha, duka linakwenda naye. Nikibaki... ndiyo haya maisha.

Ndugu zangu mnaorudi na vyeti na haraka, nawasihi! Biashara yako isajili kwa jina lako, hata kama utapanga foleni nyuma ya watu ambao hawajaona mlango wa chuo. Mimi nilikataa kusubiri miezi michache. Leo sina ninachokisubiri.