Mama Funguo Atoa Nywila

Karani wa mapokezi katika zahanati ile aliitwa Mama Funguo. Jina lilimkaa. Funguo za milango yote zilining'inia kiunoni mwake. Ukitaka ufunguo wa stoo, njoo mwenyewe useme unafuata nini. Hata daktari mkuu hakupewa kwa kutuma mtu.

"Mama, unalinda dawa au dhahabu?" wauguzi walimtania.

"Vyote," alijibu.

Asubuhi moja foleni ilifika hadi nje. Watoto walilia. Simu ya mezani nayo ikalia.

"Mama, pole na kazi. Mimi ni fundi wa kompyuta," ilisema sauti ya kijana. "Mfumo wenu unakaribia kuzima. Nitajie nywila yako haraka nirekebishe, la sivyo wagonjwa watakwama."

Nywila ni neno la siri la kufungulia kompyuta. Mama Funguo aliwatazama wagonjwa. Tena kijana mwenye adabu vile! Akamtajia, herufi kwa herufi.

Mchana fundi wa zahanati alipita kuchukua printa mbovu.

"Ahsante kwa ile simu ya asubuhi," Mama Funguo alimwambia.

"Simu gani, mama? Mimi sijakupigia."

Mama Funguo akajichekesha. "Ah, nimekuchanganya na mtu."

Akajikausha. Angesema nini? Yeye, mkali wa funguo, kamfungulia mwizi mlango kwa simu? Uso angeuweka wapi?

Jioni nyumbani alimkuta shangazi yake, aliyeishi naye, sebuleni, simu mkononi. Shangazi alikuwa na kisukari. Hakumwambia mtu yeyote ila mpwa wake na zahanati.

"Mwanangu, hebu nisomee ujumbe huu. Eti majibu yangu ya sukari ni mabaya, nibonyeze hapa nione. Lakini hawa wamejuaje?"

Mama Funguo alisoma. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usibonyeze, shangazi. Ni matapeli. Na mimi ndiye niliyewafungulia."

Akaeleza yote. Shangazi hakugomba. Afadhali angegomba.

"Nilikuja kwenu kwa sababu upo wewe," alisema tu, akaingia chumbani kwake.

Mama Funguo alipiga moyo konde, akampigia fundi.

"Mama, ungeniambia mchana ningebadilisha nywila papo hapo," fundi alisema. "Sasa wameshapata namba za wagonjwa na magonjwa yao."

"Niliona haya, baba."

"Haya zako ndizo zimewapa muda. Sikiliza. Fundi wa kweli haombi nywila yako, wala bosi haombi. Mtu akikuharakisha, kata simu, kisha unipigie kwa namba unayoijua. Na ukikosea, sema saa hiyo hiyo. Hatukufukuzi kwa kusema."

Nywila ilibadilishwa jioni ile ile. Kesho yake Mama Funguo aliomba yeye mwenyewe awapigie wagonjwa kuwaonya. Aliwaomba radhi mmoja mmoja. Wengine walimtukana, naye akapokea.

Daktari mkuu aliwaita wafanyakazi wote wafundishwe. Mama Funguo alisimulia kosa lake, macho chini. Alipomaliza, muuguzi mmoja aliinua mkono.

"Hata mimi alinipigia," alisema taratibu. "Nilimpa, nikanyamaza."

Nywila ya muuguzi nayo ikabadilishwa. Wagonjwa walioonywa hawakubonyeza, na ujumbe wa matapeli ukakoma.

Lakini shangazi alianza kwenda kupimwa kliniki ya mbali. Nyumbani walisalimiana tu.

Siku moja, foleni ikiwa ndefu, simu ililia tena.

"Mama, ni daktari mkuu. Niko safarini, na nywila yangu imekataa. Hebu nitajie yako."

Sauti ilikuwa yake kabisa.

"Hata wewe, daktari, hupewi. Mpigie fundi akusaidie," Mama Funguo alisema kwa sauti, akakata. Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Na kweli alikuwa daktari; aliporudi alimshukuru mbele ya wote.

Lakini siku ile, alipoweka simu chini na kuinua macho, Mama Funguo alimwona shangazi yake kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, shangazi aliinama dirishani akashusha sauti.

"Nimekuja kupima sukari," alisema. "Andika, mwanangu."