Sindano Kwenye Mkeka

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kufagia, Chiriku alikwenda kwa bibi yake, mama mzaa baba, nyumba ya tatu kutoka kwao. Bibi alishona foronya za kuuza, na macho yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Kazi ya Chiriku ilikuwa kutunga uzi. Alilowanisha ncha kwa ulimi, akaipitisha kwenye tundu la sindano, akampa bibi. Walikaa mkekani kichwa kwa kichwa, mlango umefungwa kuzuia vumbi, wakitaniana. Bibi alimwita mke mwenzangu. Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake: hakuna neno lililolala ndani.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Sindano ikidondoka, hakuna kukaa mpaka ipatikane. Bibi akitazama asiione, hakuridhika. Chiriku alitakiwa kuupapasa mkeka wote kwa kiganja.

Muhula ule mafua makali yaliingia mtaani. Wakubwa wakaleta vipimo vya haraka shuleni, wakapigwa picha wameshika maboksi, wakapanda magari yao. Kazi yenyewe wakamwachia muuguzi mmoja kwa wanafunzi mia tatu.

Ijumaa Chiriku aliamka koo linawasha, kikohozi kinamjia mojamoja. Kijiti cha pamba kilipomgusa pua kilimtekenya, akacheka na kurudisha kichwa nyuma. Kijiti kikaishia mlangoni mwa pua. Muuguzi alikuwa anatokwa jasho, foleni imefika getini. Hakurudia. Baada ya dakika kumi na tano kidude cha plastiki cha kipimo kilionyesha mstari mmoja, maana yake hana virusi. Chiriku akagongwa muhuri mkononi: SALAMA.

Alijua kijiti hakikuingia. Lakini angesema, angezuiwa kutoka nyumbani, na Jumamosi yake ingepotea. Kwa mara ya kwanza neno likalala ndani.

Kesho yake alikohoa kwa bibi kutwa nzima. Bibi alipomtazama kwa wasiwasi, alimwonyesha muhuri.

"Kama wenye mihuri yao wamekupitisha, mimi nani nikukatae?" bibi alisema, akapokea sindano.

Jumatatu bibi alianza kutetemeka kwa homa. Jumanne alishindwa kuinuka. Baba yake Chiriku, fundi baiskeli, alimpakia kwenye baiskeli na kuisukuma taratibu hadi kituo cha afya, Chiriku akimshikilia bibi mgongoni. Bibi alihema kama mtu aliyepanda mlima.

Wakampima kwa kipimo cha haraka. Mstari mmoja. Mganga mkuu wa kituo, bila kuinua macho, alieleza kwamba dawa ya mafua yale ni chache na hupewa wenye jibu la kuwa na virusi tu. Kipimo cha uhakika kilifanywa maabara kuu, na gari la kupeleka sampuli yake lingeondoka Alhamisi. Baba akauliza dawa hufaa zaidi ikianza lini. Akaambiwa, ndani ya siku mbili za kuugua. Akahesabu vidoleni, siku hazikutosha.

Akakaa kwenye benchi la ukutani. Alilijua benchi lile. Miaka minne nyuma alikaa hapohapo na mama yake Chiriku, wakisubiri karatasi ya jibu la maabara. Karatasi ilifika baada ya maziko. Wakubwa walisema gari lilikuwa bovu, na hakuna aliyeulizwa kwa nini halikutengenezwa. Sasa alitazama mikono yake yenye grisi, mikono iliyoweza kunyoosha gurudumu lolote la mtaa ule, na haikuwa na la kufanya.

"Tusubiri," alisema. "Sisi kazi yetu kusubiri."

Chiriku alitazama kifua cha bibi kikipanda kwa shida. Mkononi mwake wino wa muhuri ulikuwa umebaki kivuli. Akainuka, akamfuata muuguzi. Alikuwa ni yuleyule wa shuleni, kwani kituo hakikuwa na mwingine.

"Sista, Ijumaa kijiti hakikuingia. Nilivuta kichwa. Nilikuwa nakohoa, na Jumamosi nilikaa na bibi kutwa."

Muuguzi alifungua kijiti kipya. "Na mimi niliona," alisema. "Foleni ilinishinda."

Alimpima tena palepale. Safari hii kijiti kiliingia mpaka machozi yakamtoka. Mistari miwili. Muuguzi akaingia na kidude kile kwa mganga mkuu, akafunga mlango. Walisikia sauti yake tu, ikisema mjukuu ana jibu, bibi ana dalili, kinachosubiriwa ni nini. Akatoka na vidonge, bibi akalazwa.

Siku zilizofuata hazikuwa za mtu kufanya lolote. Chiriku alikatazwa kuingia wodini. Alikaa nje, mbali kidogo na dirisha, akisikiliza kikohozi cha bibi, akiogopa kinapoanza na kuogopa zaidi kinapokatika. Siku ya nne bibi aliomba maji mwenyewe.

Jibu la maabara lilifika bibi akiwa amefungasha vitu vyake: ana virusi. Baba akaikunja ile karatasi mara nne.

"Safari hii imemkuta mwenyewe," alisema.

Muuguzi alimweleza Chiriku kwamba maabara huchukua chembe kidogo ya kirusi na kuizidisha mara nyingi mpaka ionekane, ndiyo maana hukosea mara chache. Kipimo cha haraka huhitaji virusi vingi, na kijiti kilichoingia sawasawa. Kikisema unavyo, kwa kawaida ni kweli. Kikisema huna, nawe unaumwa, pima tena au subiri maabara, na ukae mbali na watu.

"Kumbe ni kama macho yangu," bibi alisema. "Nikiiona sindano, ipo. Nisipoiona, usikae bado, mke mwenzangu. Papasa kwanza." Akamshika ule mkono uliokuwa na muhuri. "Na kama unajua ilipoangukia, usininyamazie."