Nyumba ya Bei ya Kutupa

Harufu ya senene ndiyo iliyomsimamisha Restuta kwenye ngazi. Senene, wale panzi wa msimu, wanaokaangwa na kitunguu, kama wanavyokaangwa Bukoba mwezi wa kumi na moja. Lakini hapa palikuwa Hayes, magharibi ya London, katika nyumba iliyokaa tupu miezi minane, jiko lake halina hata sufuria.

"Kuna mtu anapika?" aliuliza.

Bhavesh, dalali wa nyumba, alikuwa chini akipiga picha mita ya umeme. "Hapa? Hapana, mama. Umesikia harufu gani?"

"Hakuna kitu," alisema Restuta, akaendelea kupanda.

Mwaka huo bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka. Riba zilipanda, watu walipunguzwa kazini, na walioshindwa na mikopo waliuza kwa pupa. Cosmas, nesi mwenzake wodini, mtu wa Songea, ndiye aliyempa moyo. "Dada Restuta, wenye akili hununua wengine wakiogopa. Uchumi hata ulale, mtu lazima apate pa kulala."

Restuta alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kimoja cha kupanga kule Barking. Hakuwa na mume wala mtoto. Alichotaka ni nyumba moja tu ya kupangisha, ili akistaafu arudi Bukoba kwa mdogo wake Beatha, na kodi imfuate hukohuko. Aliona fleti Barking, ada za jengo zikamtisha. Akaona nyumba Queensbury, bei haishikiki. Hii ya Hayes ilikuwa karibu na uwanja wa ndege na maghala, mahali ambapo wapangaji hawakosi. Vyumba vitatu, paa zima, na bei robo chini ya nyumba za jirani.

"Mbona rahisi hivi?"

Bhavesh alifunga begi lake. "Wenyewe wana haraka."

Akainunua.

Wapangaji wa kwanza walikuwa Albert na mkewe Léocadie, Wakongo wa Bukavu, watu wa sala. Mume alifanya kazi ghalani, mke usafi. Wiki ya sita Léocadie alipiga simu, akinong'ona kana kwamba yuko kanisani.

"Mama, siye tunatoka. Ile nyumba iko na mutu."

"Mtu gani?"

"Hatumuonake. Ni muchana, jua inawaka, niko jikoni, namusikia kule juu anauliza: 'Mwenyewe atakuja lini?' Sauti ya polepole, mama. Hata watoto wanamusikia. Tulisali siku tatu, hakuacha kuuliza."

"Mlimjibu?"

"Albert alimwambia mwenyewe anakaa Barking. Akasema: 'Mwiteni. Ninyi siwataki.'"

Aliyefuata, fundi wa ndege, alikaa siku nne, wala hakurudi kudai dipoziti yake. Baada ya hapo hakuja mtu. Restuta akawa analipa mkopo wa nyumba isiyo na watu na kodi ya chumba chake. Alipotaka kuuza, Cosmas alishika kichwa. "Kwa bei za sasa? Utakuwa umetupa nusu ya maisha yako!"

Basi mwezi wa kumi na moja aliacha chumba cha Barking, akahamia Hayes yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza ilikuwa harufu tu. Siku ya pili, nyayo. Siku ya tatu alitoka kazini saa kumi alasiri, giza la huko limeshashuka, akaingiza ufunguo mlangoni, na kabla hajaigusa swichi ya taa akahisi kwamba nyumba nzima imeacha kupumua ili imsikilize yeye anavyopumua, na ubaridi ukashuka ngazi kidaraja kwa kidaraja kama mtu mzima anayejali magoti yake, ukapita mbele yake, ukasimama pale ambapo uso wa mtu ungekuwa, na humo gizani, kwa sauti kavu kama majani ya migomba yaliyokauka, kitu kikasema:

"Umechelewa."

Alikimbilia kanisani akiwa na viatu vya wodini. Padri alikuja kesho yake, akanyunyiza maji ya baraka, akanywa chai, akasema nyumba ni nzuri. Ndipo muuza nyama wa mtaani alipompa namba ya Bi Nazneen, ajuza wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, anayeishi Queensbury na kusomea nyumba zenye majini. Bi Nazneen alikuwa mgonjwa. Angekuja baada ya siku tisa, na Restuta hakuwa na pengine pa kulala.

Katika siku hizo tisa, jambo dogo lilitokea. Restuta alirudi kutoka shifti ndefu, miguu imevimba, akakaa jikoni bila kuvua koti. Sauti ikauliza kutoka juu:

"Umekula?"

Akagundua kwamba machozi yanamtoka. Tangu afike London, ni nani aliyewahi kumuuliza hivyo?

"Bado," alijibu.

Kesho yake alijibu maneno mawili. Siku ya nane walizungumza hadi chai ikapoa.

Bi Nazneen alifika Alhamisi adhuhuri, mdogo kama mtoto ndani ya koti lake. Alitia ubani chetezoni, akasoma chumba baada ya chumba. Kwenye chumba cha juu kuta zilianza kulia, kilio chembamba cha kuomba, na vioo vya dirisha vikatoka jasho.

"Yuwasema atatoka," alisema Bi Nazneen, akihema. "Lakini amri ataka kuisikia kwako. Mwenye nyumba ni wewe. Mwambie aende zake."

Restuta alifungua kinywa. Akaiona jioni inayokuja: ufunguo, giza, jiko, na ukimya wa London uliomkalia kifuani miaka ishirini na miwili.

"Siwezi, bibi."

"Mwanangu, huyu si mwenzio. Chakula hali huyu. Atakula vitu vyako vyengine."

"Huniuliza kama nimekula."

Ajuza alimtazama kwa huruma, si kwa hasira. Akachukua chetezo chake kikiwa bado kinafuka. "Mimi hutoa wavamizi. Alokaribishwa na mwenyewe, simtoi."

Majira ya baridi yakapita hivyo, wawili nyumbani. Restuta alimsimulia yote: shamba la baba yao, kahawa, mama yao alivyougua, siku Beatha alipokatwa na jembe, yeye akambeba mgongoni hadi zahanati. Sauti ilikuwa msikilizaji mzuri. Taratibu ukavu wake ukalainika, ikaanza kutamka maneno ya Kihaya cha kwao, ikajifunza kucheka huku ikivuta pumzi, kama yeye. Aliliona hilo, likamfurahisha. Cosmas alipiga simu mara nyingi, Restuta hakupokea, naye akachoka. Hata Beatha, ambaye alizungumza naye kila Jumapili baada ya misa, Restuta alimsahau Jumapili moja, mbili, hata saba.

Jumapili ya nane haya ilimshika, akapiga.

"Beatha, ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Wiki nyingi sijakupigia."

"Nani mwenzangu?"

"Restuta! Dada yako!"

"Mama, usinichezee. Dada yangu nimetoka kuzungumza naye sasa hivi, simu haijapoa. Kila Jumapili hunipigia."

Restuta aliishika simu kwa mikono miwili. "Beatha, nisikilize. Nani alikubeba mgongoni ulipokatwa na jembe?"

Upande wa pili alisikia mdogo wake akianza kulia kwa woga.

"Ameniambia," alinong'ona Beatha. "Dada ameniambia kuna kitu kimehamia kwenye nyumba yake, kinakaa kikisikiliza mambo yetu. Alisema siku moja kitapiga simu. Kwa jina la Yesu, mwache dada yangu!"

Akakata.

Restuta alibaki amesimama jikoni, simu yake mkononi. Juu, chumbani kwake, simu iliita. Mwanamke akaipokea, kwa sauti ambayo Restuta aliijua kuliko zote duniani.

"Pole, mdogo wangu," ilisema. "Kimekupigia, eeh? Usilie. Mimi nipo."