Mutihani mu Gare ya Kolwezi

Uongo wangu unajulikana Kolwezi nzima, lakini hii mi sikutunga. Ilimupata rafiki yangu Falonne. Mwaka wa corona, chuo kikuu chake cha Maroc kilifunga, akarudi kwetu. Mutihani wa mwisho, wa kusema, ukafanyika mu simu. Akikosa, mwaka umekufa. Réseau ya simu ilikamata tu mu chumba cha kungojea cha gare ya treni, kitupu, giza hata mchana. Humo Bakasai, watu wa Kasai waliofukuzwa Katanga miaka ya tisini, walilala wakingojea treni ya kuwarudisha kwao, na wengi wakafia humo.

Katikati ya mutihani profesa akamukata maneno: “Ambia watu nyuma yako banyamaze.”

“Monsieur, niko peke yangu.”

Falonne hakugeuka. Akajibu maulizo mpaka mwisho.

“Umepita,” profesa akasema. “Lakini ni lugha gani hiyo? Yule mama anarudilia tu…” Akaiga maneno asiyoyaelewa: “‘Treni ilishafika?’”